Maswali ya Wasomaji: Mita Inasema Antena Ni Nzima, Mbona Hakuna Anayenisikia?

Masika yamekwisha na barua zimefurika. Nyingi zinaanza kwa maneno yanayofanana: "Nadhani redio yangu imeharibika." Nimechagua saba za kujibu mwezi huu, na naweza kusema mapema kwamba katika zote saba sijaona hata moja ambayo ningemshauri mwenyewe kuanza kwa kufungua mfuniko wa redio. Hitilafu za redio ya ridhaa hukaa zaidi kwenye viungo, kwenye kebo, kwenye umeme wa kuendeshea na kwenye mazingira ya nyumba, na huko ndiko tutakakopita.

*Ndugu mwandishi, nina dipoli (antena ya waya unaolishwa katikati) ya bendi ya mita 40 niliyoitundika kati ya minazi miwili hapa Tanga, kama mita 9 kutoka ardhini, na kebo ya RG-58 yenye urefu wa mita 30 inayoingia ndani kwa dirishani. Nilipoifunga mwaka jana SWR, ile namba ya mita inayolinganisha nguvu inayokwenda na inayorudi, ilikuwa 1.3 kwenye megahezi 7.100 na ilipanda hadi karibu 1.6 kwenye kingo za bendi. Sasa imekuwa bora kuliko zamani, ni 1.2 kila ninapopima. Lakini wenzangu wa Nairobi na Lusaka waliozoea kunipata vizuri wanasema nimezama kwenye kelele. Fundi ameifungua redio na hakuona kitu. Je, ninunue nyingine? — Msomaji, Tanga*

Ndugu yangu, usinunue redio. Jibu limo ndani ya barua yako, tena katika maneno uliyoyaandika kwa furaha: "imekuwa bora kuliko zamani." Antena iliyopigwa na jua, mvua na upepo wa chumvi kwa mwaka mzima haipati nafuu yenyewe. Mita ikionyesha kwamba imepata nafuu bila mkono wa mtu kuigusa, kitu fulani kimeharibika.

Mita ya SWR haipimi kama wimbi limefika hewani. Inalinganisha nguvu inayokwenda na nguvu inayorudi, basi. Nguvu ambayo haikurudi huenda ilirushwa na antena, na huenda vilevile iliishia njiani, ndani ya kebo, ikageuka joto. Kebo iliyoingia maji hula nguvu ikipanda, kisha ile kidogo iliyokataliwa na antena huliwa tena ikishuka, hata mita inakosa cha kuonyesha na mwenye redio anadhani mambo ni shwari. Ndiyo maana SWR yako haibadiliki tena kutoka ukingo mmoja wa bendi hadi mwingine. Dipoli nzima ya mita 40 ina mahali pake inapopenda na mahali inapoanza kununa, na ule mpando wa mwaka jana kutoka 1.3 hadi 1.6 ulikuwa dalili ya afya.

Fanya majaribio mawili. La kwanza halihitaji kifaa chochote usichokuwa nacho: hamia bendi ya mita 20, zima kifaa cha kulinganisha antena kama redio yako inacho, punguza nguvu hadi wati 5, kisha rusha kwa sekunde mbili tu huku ukiangalia mita. Waya wako wenye urefu wa mita 20, uliokatwa katikati kwa ajili ya megahezi 7.1, unapaswa kuikataa kabisa megahezi 14.2 ya bendi hiyo, na mita inapaswa kuruka juu sana. Ikikuonyesha 1.5 au 2 kwa utulivu, ujue kinachopokea nguvu yako ni kebo.

Jaribio la pili ni la uhakika zaidi, na linataka kifaa cha kupimia antena, kama kile kidogo kiitwacho NanoVNA ambacho siku hizi wengi wanacho au wanaweza kuazima. Shusha antena, ifungue kebo kutoka kwenye dipoli na uiache ncha ile ya juu wazi kabisa, halafu pima kutoka upande wa redio kwenye 7.1. Ncha ikiwa wazi, nguvu yote iliyofika huko hurudi. Kwa hiyo kebo ikiwa nzima SWR lazima iwe mbaya, na mita 30 za RG-58 njema zitakupa zaidi ya 7. Sasa chukua namba uliyoipata, itoe 1, kisha ugawe kwa namba hiyohiyo ukiijumlisha 1. Jibu ni sehemu ya nguvu inayofika juu. Ukipata 3, ni 2 kwa 4, yaani nusu ya wati zako zinafika. Ukipata 2, ni theluthi moja. Na ukipata ile 1.2 unayoisifu, ni 0.2 kwa 2.2, ambayo ni wati 9 katika kila wati 100. Hapo ndugu zetu wa Lusaka wamefanya kazi kubwa kukusikia hata hivyo walivyokusikia.

Maji yaliingiaje? Mara nyingi ni pale katikati ya dipoli, ambapo kebo imechanwa mara mbili, waya wa ndani ukaenda kulia na wavu wa nje ukaenda kushoto, na mdomo ukaachwa ukitazama mbingu au ukafunikwa kwa utepe mweusi wa umeme peke yake. Nyuzi za wavu hunyonya maji kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa. Miaka kadhaa iliyopita nilishusha antena ya rafiki yangu huko Bagamoyo, nikachana ganda la kebo kwa wembe karibu na ncha ya juu. Wavu uliotakiwa kung'aa kama shaba mpya ulikuwa mweusi, na nilipousugua kwa kidole gumba ulimwaga unga wa kijani. Nikakata mita moja zaidi, ukawa bado mweusi. Nikakata nyingine. Kwenye mita ya nne niliminya kebo na tone la maji likachungulia kati ya ganda na wavu, safi kabisa, kama machozi. Tuliitupa kebo yote, na sijutii.

Nawe usiione huruma. Kata kutoka juu, nusu mita kwa nusu mita, mpaka uone shaba inayong'aa. Ikiwa umefika theluthi ya kebo na bado ni nyeusi, nunua mpya. Ukifunga upya, lehemu viungo vizuri na uache vipoe bila kutikiswa. Plagi ya PL-259 haizuii maji hata kidogo, ijapokuwa inaonekana imara, kwa hiyo inahitaji kuvishwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, ukiuvuta hadi urefuke karibu mara mbili ndipo uuzungushe. Anzia chini ukipanda juu, kila mzunguko ukilalia ule wa chini yake, kama mwezekaji anavyopanga makuti kutoka kwenye ukingo wa paa kwenda kileleni, ili maji yateleze nje badala ya kuingia chini ya tabaka. Juu yake weka utepe wa kawaida kuukinga mpira na jua. Kabla kebo haijaingia dirishani iache ining'inie kidogo chini ya usawa wa dirisha kisha ipande, ili maji yanayofuata kebo yadondoke hapo nje.

Angalia pia kamba. Kama ulitumia katani, ambayo Tanga haikosekani, kumbuka kwamba hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, na minazi nayo huyumba kwa upepo, kwa hiyo waya wako unavutwa usiku na mchana. Acha kamba ya upande mmoja ipite kwenye kapi na uitundikie uzito mwishoni, kama chupa ya mchanga. Manila ya plastiki ni rahisi, ila jua huila ndani ya mwaka au miwili.

Jambo la mwisho kwako, Ndugu: siku utakayoipandisha tena, andika kwenye daftari SWR ya 7.000, 7.050, 7.100, 7.150 na 7.200, pamoja na tarehe. Namba hizo tano ndizo zitakazokuamulia mwakani.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi hapa Mwanza na nimepata leseni mwaka huu. Redio yangu ni ya wati 100 na naiendesha kwa betri ya sola ya asidi, Ah 100. Nikisikiliza haina tatizo, lakini nikibonyeza maiki na kuanza kuzungumza inazima na kuwaka upya, hasa nikipaza sauti. Betri nikiipima ina volti 12.6. Wakubwa wa hapa wananiambia ni SWR. — Msomaji, Mwanza*

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa leseni. Wakubwa wako hawakukosea kutaja SWR, kwa kuwa SWR mbaya huifanya redio ijipunguzie nguvu, lakini redio inayozima na kuwaka upya inalalamikia umeme, na mahali pa kuanzia ni nyuma yake pale waya mwekundu na mweusi zinapoingia.

Volti 12.6 ulizipima redio ikiwa imepumzika. Redio ya wati 100 inaporusha kwa nguvu yote huvuta takribani ampia 20, na hapo kila kiungo kati ya betri na redio kinadai sehemu yake. Hukuniambia unene wa waya, kwa hiyo nichukue ule wa milimita mraba 2.5 ambao mafundi wa nyumba hutumia kwenye soketi. Kila mita yake ina ukinzani wa takribani omu 0.007. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye redio, umeme unakwenda mita 5 na kurudi mita 5, jumla omu 0.07, na kwa ampia 20 unapoteza volti 1.4 kwenye waya peke yake. Betri ya asidi nayo ikibanwa hivyo hushuka kidogo, tuseme 12.1. Kinachobaki mlangoni mwa redio ni 10.7. Redio nyingi za aina hii hutengenezwa kwa volti 13.8 na kuvumilia pungufu ya asilimia 15, yaani hadi 11.7, kwa hiyo yako inazima kwa haki.

Usikubali hesabu yangu bila kupima. Unganisha mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, weka redio kwenye FM au CW (ishara za Morse) ili nguvu itoke mfululizo, kwa sababu ukizungumza kwa SSB, njia ya kurusha sauti, multimita haiwahi kuufuata mpando na mshuko wa sauti, kisha pima volti nyuma ya redio huku mwenzako amebonyeza. Halafu pima kwenye vichwa vya betri katika hali hiyohiyo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayopotea njiani. Baada ya nusu dakika acha kurusha, na uguse kila kiungo kimoja kimoja: kishikio cha fyuzi, plagi, vibanio vya betri. Kiungo chenye joto ndicho mwizi. Vichunguze sana vile vibanio vya meno kama mamba, kwani vingi vya bei nafuu waya umeshikizwa kwenye taya moja tu, na taya la pili halina linalopitisha.

Badilisha waya uwe wa milimita mraba 6 au 10, sogeza betri karibu, na uweke fyuzi kwenye betri yenyewe, upande wa chanya, si karibu na redio. Kabla hujapata fedha ya waya, punguza nguvu hadi wati 50. Unayezungumza naye atakuona umeshuka nusu tu ya alama moja ya S, kipimo cha nguvu ya ishara kwenye mita ya redio, na huenda asigundue kabisa, ila redio yako itaacha kuzima.

*Assalaam alaykum. Niko Mombasa, ghorofa ya pili. Kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni kelele kwenye bendi ya mita 40 inapanda hadi S9 na siwezi kusikia mtu. Mchana ni S4. Nimebadilisha antena mara mbili. Nifanyeje? — Msomaji, Mombasa*

Wa alaykum salaam, Bwana. Antena zako zote mbili zilikuwa nzima na zilifanya kazi yake, nayo ni kukuletea kilichopo hewani. Kwanza tenga kelele ya Mungu na kelele ya watu. Sisi wa tropiki tuna radi nyingi kuliko wenzetu wa kaskazini, na jua likizama bendi za chini huanza kuleta ngurumo za mbali, lakini hizo husikika kama mipasuko isiyo na mpangilio, mara moja, mara tatu, kisha kimya. Kelele yako inayoanza saa ileile kila siku ina mkono wa mtu kwenye swichi.

Endesha redio kwa betri, ukisikiliza kelele hiyo, kisha uzime swichi kuu ya nyumba yako yote. Ikinyamaza, chanzo kiko kwako, na kazi imekuwa nyepesi: washa saketi moja moja, halafu kifaa kimoja kimoja, ukitega sikio. Mimi nimekuta wakosaji walewale mara nyingi kiasi kwamba ninaanza nao siku zote, yaani taa za LED za bei rahisi, chaja za simu zisizo na uzito mkononi, ving'amuzi vya televisheni, na kidhibiti chaja cha sola. Chaja nyepesi mno kwa kawaida haina vichujio ndani, na kutoivumilia ndiyo dawa. Kuifunga feraiti, ile pete ya kuzuia kelele, ni kupoteza feraiti.

Ikiwa kelele inaendelea na nyumba yako iko gizani, chukua redio ndogo ya mkononi yenye AM, iweke mahali pasipo na stesheni, na utembee nayo ngazini na kwenye korido. Itapiga kelele zaidi kadiri unavyokaribia. Ukifika mlangoni mwa jirani, bisha hodi kwa adabu, na ukiweza mpelekee taa nyingine nzuri mkononi. Nimeona hilo likifaulu pale ambapo barua ya malalamiko ilizaa uadui.

Kuna kesi moja ya pwani ambayo vitabu vya kutoka ughaibuni havikazii. Wakati wa kaskazi, mvua zikiwa zimekoma kwa wiki nyingi, chumvi na vumbi hujipaka kwenye vikombe vya kaure vya nguzo za umeme, na umande wa jioni ukivilowesha umeme huanza kutambaa juu yake na kuchirizika. Mlio wake ni mkoromo wa mfululizo, na mvua kubwa ikinyesha mara moja hupotea kwa siku kadhaa. Ukiusikia huo, andika namba ya nguzo na uripoti kwa wenye nguzo. Usiigonge wala usiitikise.

*Kwenye FT8, yale mawasiliano ya kidijitali kwa kompyuta, naona michirizi mingi ya ishara kwenye skrini lakini programu haisomi hata mmoja. Jana ilikuwa inasoma. — Msomaji, Kigali*

Saa ya kompyuta yako imepotoka. FT8, ambayo Joe Taylor na Steve Franke waliitoa mwaka 2017, inagawa kila dakika katika vipande vinne vya sekunde 15, na kompyuta ikitofautiana na dunia kwa zaidi ya sekunde mbili hivi inasikiliza mwanzo wa sentensi ikidhani ni katikati. Ilandanishe na saa ya intaneti, au, intaneti ikikatika, na kipokezi kidogo cha GPS. Ikianza kusoma, tazama safu ya DT, inayoonyesha tofauti ya saa kwa sekunde: stesheni nyingi zikiwa zote na tofauti ya 1.2, si wao waliochelewa.

*Nitajuaje kama bendi imekufa au antena yangu imekufa? Kuna siku nasikiliza mita 20 hapa Dodoma saa mbili nzima bila kumpata mtu. — Msomaji, Dodoma*

Swali zuri mno, na watu wengi wameshusha antena nzima kwa kutojiuliza. Nenda kwenye megahezi 14.100, weka redio kwenye CW, na ukae dakika tatu. Hapo kuna mtandao wa minara 18 ya kuashiria, iliyotawanywa duniani, inayopokezana kwa zamu ya sekunde 10 kila mmoja. Kila mnara hutuma alama yake ya mwito kwa wati 100, kisha mistari minne mirefu: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, na wa nne sehemu ya kumi ya wati. Mzunguko mzima ni dakika tatu, na huanza upya saa kamili.

Kwako wewe, sikiliza ZS6DN wa Afrika Kusini, ambaye zamu yake inaanza dakika 1 na sekunde 40 ya mzunguko, na 4X6TU wa Israeli kwenye dakika 2 kamili. Kati yao yuko 5Z4B wa Kenya, na hapa ndipo wengi hupotoshwa, kwa sababu Nairobi iko takribani kilomita 550 kutoka Dodoma, na kwenye megahezi 14 wimbi mara nyingi hukupita juu ukiwa karibu hivyo, likaenda kutua mbali zaidi. Kumkosa jirani na kumpata wa Pretoria, kilomita 2,300 hivi, ni dalili ya antena nzima. Minara mingine huwa kimya kwa matengenezo, kwa hiyo usihukumu kwa mmoja. Ukisikia mistari miwili au mitatu kutoka hata kwa mnara mmoja wa mbali, acha antena yako ilipo. Ukikosa yote kwa siku tatu mfululizo, asubuhi, mchana na jioni, rudi kwenye barua ya Tanga hapo juu.

*Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat kwenye fleti. Nimetoa waya wa mita 10 kutoka roshani, umelishwa mwishoni kupitia kisanduku cha kulinganisha cha 49 kwa 1, kwa ajili ya mita 20. Ninaporusha, maiki inaniuma mdomoni, laputopu inaganda, na SWR inabadilika nikigusa redio. — Msomaji, Muscat*

Ndugu yangu, kinachokuuma ni antena, kwa kuwa redio yako na kebo yako zimegeuka kuwa sehemu yake. Waya unaolishwa mwishoni bado una deni la nusu ya pili, ile ambayo dipoli huwa nayo. Mkondo unaotoka kwenye waya lazima uwe na mahali pa kusukumia, na usipoupa njia hujichukulia wenyewe, ukipita juu ya ngozi ya nje ya kebo hadi ndani chumbani, kwenye maiki, na kwenye midomo yako. Kugusa redio na kuona SWR ikicheza ndiyo alama yake kuu.

Tiba ina sehemu mbili na zote zinahitajika. Kwanza, kwenye kisanduku, upande wa ethi, funga waya wa takribani mita 1 uninginie au ulale kando ya ukuta wa roshani, uwe ndio njia ya halali ya mkondo huo. Pili, ukiacha kama mita moja ya kebo kutoka kwenye kisanduku, weka kizuizi: kebo nyembamba ipite mara 10 hadi 12 ndani ya pete ya feraiti yenye kipenyo cha sentimita 6 hivi, mchanganyiko namba 31 au 43. Pete yoyote iliyotolewa kwenye mashine mbovu haifai, hata ikifanana kwa rangi, kwani mchanganyiko ndio unaoamua inazuia masafa gani. Kisha gusa redio tena huku mwenzako akiangalia mita. SWR ikitulia umemaliza, hata kama namba yenyewe imepanda kidogo, kwa sababu sasa unapima antena peke yake.

Na ncha ya mbali ya waya, hata kwa wati 100, ina volti nyingi za kuunguza ngozi. Ipitishe mahali ambapo watoto wa jirani hawawezi kunyoosha mkono.

*Radi zikianza huku Bukoba, nizime redio tu, au nichomoe na antena? — Msomaji, Bukoba*

Kuzima hakusaidii chochote. Ukanda wa ziwa una radi nyingi sana, kwa hiyo desturi yako iwe kuchomoa kila unapomaliza kutumia redio, hata mbingu ikiwa nyeupe: kebo ya antena, waya wa umeme, na waya wa kompyuta. Ncha ya kebo iishie nje ya nyumba, kwenye bamba la chuma lililofungwa kwenye nondo ya ethi iliyounganishwa na ethi ya nyumba. Kuiacha ikining'inia nyuma ya meza, sentimita chache kutoka kwenye redio, ni kuiweka radi mezani. Lakini ukisahau, na mngurumo ukafika chini ya sekunde 30 baada ya mwanga, radi iko ndani ya kilomita 10. Wakati huo usiishike kebo kabisa. Toka chumbani humo uache redio iende kama itakwenda, na usirudi kuigusa mpaka nusu saa ipite tangu mngurumo wa mwisho.